Mshale Uliotulia Stima Ilipopotea

Binti yangu hupata riziki kwa masikio. Hutumiwa sauti za mikutano na mahojiano kutoka nchi za mbali, akazisikiliza na kuzigeuza maandishi, akalipwa kwa kila dakika ya sauti. Meza yake iko sebuleni kwetu hapa Migosi, Kisumu, na saa zake za kazi huanza wakati sisi wengine tunafunga mapazia. Jioni moja ya Januari nilimsikia akifyonya mara tatu mfululizo.

"Baba, hebu njoo uone huu mshale."

Nikavuta kiti. Alipoweka kidole kwenye padi ya kipakatalishi chake, mshale ulianza kutetemeka, kisha ukarukaruka kama omena aliyenaswa wavuni. Akitaka uende kulia, unapanda juu. Akitaka ufungue faili, unafunga dirisha. Akiondoa kidole, unasimama tuli na kumkodolea macho. Alikuwa amepoteza nusu saa, na mwenye kazi kule ng'ambo hangojei.

Kila mtu nyumbani alikuwa na jibu. Mama yake alilaumu flashi iliyoletwa na filamu ya harusi. Mpwa wangu alisema mashine imezeeka, iuzwe. Jirani, ambaye hata hakuvuka kizingiti, alipaza sauti kutoka mlangoni: "Omera, hiyo ni virusi. Peleka town." Hakuna aliyeuliza swali ambalo makanika wa matatu huuliza kabla hajafungua boneti: gari linafanya hivi likipanda mlima au likiteremka? Asubuhi au jioni? Lilianza lini?

Basi nikaipeleka town. Fundi wa kwanza, kijana mwenye heshima, aliigusagusa kidogo, akatikisa kichwa. "Jaduong', hapa tufute kila kitu tuweke Windows upya." Nikatoa shilingi 1,500. Alipomaliza, mshale uliteleza pale kibandani kama mtumbwi asubuhi, ziwa likiwa limelala. Niliirudisha nyumbani nikijisifu. Saa moja na nusu usiku, binti yangu alipochomeka chaja na kuvaa vifaa vyake vya masikioni, omena walikuwa wamerudi wavuni.

Hapo ndipo nilipoamua kufanya nilichopaswa kufanya kabla ya kutoa pesa: kukaa kitako na kutazama.

Mshale hauna miguu

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mshale hautembei wenyewe. Ni picha tu, inayochorwa upya pale kompyuta inapoambiwa ichore. Anayeiambia ni kifaa kilicho chini ya mkono wako.

Kifaa cha kwanza cha aina hiyo tunachokiita kipanya kilitokana na wazo la Mmarekani Douglas Engelbart, na mwenzake Bill English akakiunda mwaka 1964 katika taasisi ya utafiti ya Stanford, jimbo la California. Kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini, moja likipima mwendo wa kwenda mbele na nyuma, la pili wa kushoto na kulia. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco, mbele ya wataalamu ambao wengi wao hawakuwahi kuona mtu akiiongoza kompyuta kwa kuelekeza tu. Waya wake ulifanana na mkia, jina likanata.

Tangu siku hiyo kanuni haijabadilika. Kifaa kinapima mwendo wa mkono, kinaripoti, kompyuta inachora. Mshale ukipotea njia, basi kuna shahidi aliyesema uongo mahali fulani: uso wa meza au kidole chenyewe, kifaa kinachopima, waya au mawimbi yanayobeba ripoti, au programu inayoisoma. Kuna pia shahidi wa tano ambaye watu humsahau. Nitamfikia.

Kumpata mwongo kunahitaji subira kuliko pesa. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha tazama. Chomeka kipanya cha kuazima. Mshale ukitulia, kifaa cha zamani ndicho chenye kasoro. Ukiendelea kuruka, zima padi kwenye mipangilio, ujaribu kipanya peke yake. Bado? Iwashe kompyuta katika hali salama, ile inayopakia programu za lazima tu. Ukitulia humo, tafuta programu uliyoiweka majuzi, au kiendeshi cha padi kilichosasishwa vibaya. Anayebadilisha vitu vinne kwa mpigo anaweza kupona bila kujua kilichomponya, na ugonjwa ukirudi atatoa 1,500 tena.

Kitambaa cha mama na wadudu wa ziwa

Tulianza na kipanya kwa kuwa ndicho rahisi. Cha siku hizi hakina kile kipira kizito tulichokijua kwenye saiba za miaka ya 2000, kilichokuwa kikikusanya uchafu mpaka ukakifungua kipanya na kukwangua vigurudumu vyake kwa kucha. Sasa chini yake kuna taa ndogo na kamera ndogo. Kamera hiyo hupiga picha za meza zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, na kijibongo cha ndani hulinganisha kila picha na iliyotangulia: punje hii ya vumbi ilikuwa hapa, sasa iko pale, basi mkono umesogea kushoto.

Kwa hiyo kipanya kinahitaji meza yenye alama za kuonekana. Sasa hebu tazama sebule zetu. Meza ya kioo, ambayo kamera inaipenya isione kitu cha kushika. Au meza ya mbao iliyopigwa vanishi mpaka inang'aa kama maji, mwanga ukarudi wote machoni pa kamera. Juu yake kuna kitambaa cha kufuma kwa kroshia, fahari ya mama mwenye nyumba, chenye matundu kila mahali. Kamera ya kipanya imetengenezwa kuona umbali wa milimita chache tu. Ikipita juu ya uzi inaona, ikipita juu ya tundu haioni, na mshale unaruka kila baada ya hatua. Kitambaa hicho kimewapelekea mafundi wateja wengi wasiojua kilichowapeleka. Dawa yake ni gazeti lililokunjwa. Karatasi yake haing'ai, ina nyuzinyuzi na wino, na kamera huipenda.

Sisi wa kando ya ziwa tuna mkosaji mwingine ambaye vitabu vya mashine havimtaji. Ukisimama Dunga, au ukivuka kwenda Mbita, utawaona wadudu wa ziwa wakipaa juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua. Hawaumi. Mabuu yao huishi kwenye tope la chini ya ziwa, na kuna aina ambayo hutoka kwa wingi siku chache baada ya mwezi kuandama. Wakifika nchi kavu hufuata mwanga, na skrini katika chumba chenye giza ni karabai tosha. Bawa moja likinasa kwenye tundu la kamera ya kipanya, mshale utatetemeka hata ukikiweka juu ya gazeti zuri kuliko yote. Pindua kipanya, zima, toa uchafu kwa pamba kavu iliyozungushiwa kijiti cha meno.

Kama kipanya hakina waya, tazama betri kwanza. Kisha tazama kipokezi chake, kile kidude kidogo kinachochomekwa ubavuni. Vipanya vingi visivyo na waya huzungumza kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, njia ileile inayotumiwa na Wi-Fi nyingi za nyumbani. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilieleza kwamba hata matundu ya USB 3.0, ambayo mengi huwa na ulimi wa buluu, pamoja na diski zinazochomekwa humo, hutoa kelele katika mawimbi hayohayo. Kipokezi kikikaa bega kwa bega na diski ya filamu, mshale hukwama na kuruka. Kihamishie upande wa pili wa mashine.

Kwetu sisi hilo halikuwa jibu. Kipanya cha kuazima kilifanya kazi barabara. Mwongo alikuwa kwenye padi.

Padi, jasho na kitufe chekundu

Padi ya kugusa, iliyoingia kwenye vipakatalishi vya Apple vya PowerBook mwaka 1994, haioni kidole chako wala haipimi uzito wake. Chini ya uso wake kuna nyaya nyembamba zenye chaji ndogo sana ya umeme. Mwili wa binadamu umejaa maji ya chumvi, na kidole kikikaribia huivuruga chaji hiyo. Padi hupima mvurugiko huo uko wapi, na hapo ndipo inapokuona.

Maji nayo huivuruga vilevile. Mchana wa Kisumu unajulikana, na kiganja chenye jasho huacha michirizi ambayo padi huihesabu kama vidole. Ukitoka kunawa baada ya samaki na ugali, kausha mikono sawasawa. Mafuta ya samaki nayo huacha utando unaokusanya vumbi. Padi yenyewe ipanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, mashine ikiwa imezimwa.

Kuna kero nyingine inayofanana na hii lakini si hii. Unaandika barua, unatazama kibodi, ukiinua macho unakuta nusu ya sentensi imeingia katikati ya aya ya juu. Hapo aliyeruka si mshale. Ni kile kijiti kinachowakawaka mahali herufi zinapoingia, na aliyekirusha ni mzizi wa kidole gumba chako uliogusa padi. Punguza wepesi wa padi kwenye mipangilio, au izime kabisa unapotumia kipanya. Kwenye vipakatalishi vingi, kitufe cha Fn pamoja na kimojawapo cha vitufe vya safu ya juu chenye picha ya padi hufanya hivyo.

Lakini kama padi imeinuka, imekuwa ngumu kubofya au inajibofya yenyewe, acha majaribio yote. Weka mashine juu ya meza bapa. Ikiyumba kama kigoda kibovu, huenda betri iliyo chini ya padi imevimba. Betri za lithiamu huvimba kwa uzee na joto, na zikitobolewa huwaka moto usiozimika kwa urahisi. Usiibonyeze irudi ndani, usiibandike kwa selotepu. Zima, chomoa chaja, mpelekee fundi ukimtahadharisha, na betri isitupwe jaani.

Mashine nyingi zinazouzwa mjini kwetu ni zile tunazoziita ex-UK, zilizostaafishwa na maofisi ya ng'ambo. Baadhi zina kitufe chekundu kidogo katikati ya kibodi, kati ya herufi G, H na B. Wengi hawajui ni cha nini. Nacho huongoza mshale, kwa kusukumwa tu. Ted Selker ndiye aliyekibuni huko IBM, na ThinkPad 700C ya mwaka 1992 ikakileta sokoni. Kikizeeka, mshale huanza kuelea polepole kuelekea upande mmoja, kama gugumaji linalosukumwa na upepo wa jioni. Ukipambana nao unauchochea. Ondoa mikono kabisa kwa sekunde chache. Mara nyingi kitufe hujipima upya na mshale kusimama.

Mshale wenye nia

Kabla sijaendelea, kuna mshale mmoja ambao si wa kuvumilia. Mshale wenye hitilafu huyumba bila kusudi. Ukiona unatembea kwa utulivu, ukafungua kivinjari, ukaelekea barua pepe au benki, kuna mkono wa mtu nyuma yake. Mara nyingi ni yule aliyepiga simu akijidai ni mtaalamu, ukakubali kuweka programu ya kumruhusu aione skrini yako. Zima Wi-Fi papo hapo, au chomoa waya wa mtandao. Mshale ukisimama ghafla, umepata jibu. Badilisha nywila zako kwa kutumia kifaa kingine, ondoa programu ile, toa taarifa. Nchini Kenya, kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya mwaka 2018.

Na mshale ukikataa kabisa, usizime mashine kwa nguvu ukapoteza kazi. Ctrl na S huhifadhi. Alt na Tab hukuhamisha kutoka dirisha moja hadi jingine. Kitufe cha Windows pamoja na herufi I hufungua mipangilio, na humo Tab na vishale vya kibodi vitakutembeza.

Usiku wa ngurumo

Sisi tulikuwa tumepita hatua zote hizo. Padi ilikuwa safi, bapa, baridi. Windows ilikuwa mpya. Mashine ilipona kibandani kwa fundi na kuugua Migosi. Nikaanza kuamini kwamba nyumba yangu ndiyo mgonjwa, nikajicheka.

Kisha ikaja jioni ya mvua. Wingu lilishuka kutoka upande wa milima ya Nandi, ngurumo zikafuatana, na kama kawaida stima ikapotea. Mtaa mzima ukaguna kwa pamoja. Gizani humo ikabaki nuru moja tu, ya kipakatalishi cha binti yangu kikitumia betri.

"Baba!" aliita. "Umetulia."

Nilidhani ananisema mimi. Kumbe ni mshale. Ulikuwa ukifuata kidole chake kama mwanakondoo. Tulikaa tukiutazama kwa dakika ishirini hivi, mpaka stima iliporudi na taa ya chaja kuwaka. Mshale ukaanza ngoma. Akachomoa chaja: kimya. Akachomeka: ngoma. Mara tatu, bila kugusa kingine chochote.

Ndipo akakumbuka alichokuwa akikiona kila usiku bila kukipa uzito. Akiegemeza kiganja cha kushoto kwenye bati la mashine, mshale hutulia kidogo. Na akipapasa bati hilo taratibu wakati inachaji, vidole vinamwashawasha, kama amegusa kitu kinachovuma.

Huyo ndiye shahidi wa tano. Chaja hupokea umeme wa nyumbani, volti 240, na kuushusha hadi volti kumi na kitu. Katika kazi hiyo kelele kidogo ya umeme hupenya upande wa pili. Soketi zetu za Kenya zina matundu matatu, kama za Uingereza, na lile la juu ni la ardhi. Chaja yenye waya wa ardhi huipitisha kelele hiyo hapo, ikamwagika udongoni. Ardhi ikikosekana, kelele inabaki ikielea kwenye bati la mashine. Padi inayojaribu kupima mvurugiko mdogo wa kidole inakuwa kama mtu anayesikiliza mnong'ono katikati ya soko la Kibuye siku ya Jumapili. Inakisia tu, na makisio yake ndiyo mirukio ya mshale.

Mara nyingi kosa ni la chaja ya bei nafuu yenye vichuma viwili, au ekstensheni ambayo tundu lake la juu ni pambo tu. Chaja yetu ilikuwa na vichuma vitatu. Tukaichomeka moja kwa moja ukutani, bila ekstensheni. Ngoma ikaendelea. Tukahamia jikoni, kisha chumba cha kulala. Vilevile.

Kesho yake nikamwita fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati nchini. Nilitarajia aanze na soketi. Yeye alizunguka nyuma ya nyumba, akainama kwenye pembe ya ukuta na kunionyesha fimbo iliyochomoza udongoni. Juu yake hapakuwa na kitu. Waya wa shaba uliopaswa kushuka kutoka kwenye sanduku la mita ulikuwa umekatwa kwa usafi wa mtu anayejua kazi yake.

Nikahesabu nyuma. Krismasi tulikuwa dala, nyumbani kwetu Siaya, siku tisa. Mshale ulianza kuruka tuliporudi. Shaba ina wanunuzi, na hili si la Migosi pekee: Januari 2022, baada ya nguzo kubwa za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda.

Fundi alinieleza kilichobaki akiwa ameinama vilevile. Waya ule haukuwekwa kwa ajili ya kompyuta. Uliwekwa ili siku waya wenye moto utakapogusa bati la friji, pasi au birika, umeme ukimbilie udongoni na fyuzi ikatike. Usipokuwepo, umeme hubaki kwenye bati ukingoja mkono. Akauliza kama tuna shawa ya umeme bafuni. Nikasema tunayo. Hakusema neno, nami nikawaza asubuhi zote tangu Januari, watu wanne mmoja baada ya mwingine, miguu ikiwa majini.

Alifunga waya mpya, safari hii akaupitisha ndani ya bomba na kuufunika kwa saruji. Kisha akaingia ndani kupima soketi moja moja. Alipofika mezani kwa binti yangu akasimama.

"Watu huniita baada ya mtu kurushwa," alisema. "Nyinyi mlijuaje?"

Binti yangu alikuwa na dakika arobaini za sauti zilizobaki. Hakuvua vifaa vya masikioni. Alisogeza kidole kwenye padi, mshale ukavuka skrini kwa mstari ulionyooka mpaka ukingoni, upande wa ile soketi ya ukutani, akauacha hapo.